Jicho la Kulia la Mbuzi

Hera Kaji Suwal aliishi Kathmandu, ghorofa ya tano, kwenye jengo lenye lifti, na mji wake wa kuzaliwa aliuzungumzia kama mtu azungumziavyo jino bovu. Bhaktapur ni vumbi, alisema. Bhaktapur ni ngazi za giza na majirani wanaojua umekula nini. Alikwenda huko mara moja tu kwa mwaka, asubuhi kwenda na jioni kurudi, sikukuu ya Mohani inapofika, na hata hiyo mara moja alikwenda kwa ajili ya mbuzi.

Maana kwetu, mbuzi wa Mohani akishachinjwa, kichwa chake hugawiwa wakubwa wanane wa ukoo kwa kufuata umri. Wa kwanza hula jicho la kulia, wa pili la kushoto, kisha masikio, pua, ulimi, hadi taya mbili za mwisho. Wa tisa hapati kitu, hata awe waziri. Hera Kaji alianzia kwenye taya. Akapanda taratibu, na kila mzee alipofariki alisikitika kidogo, kisha akapiga hesabu. Ndani ya miaka miwili walikuwa wamekufa wawili wa mwisho waliomzidi umri, Bekha Ram, kisha Tulsi Bhakta. Hakumsindikiza hata mmoja mtoni kuchomwa. Msiba wa kwanza, mguu ulimuuma. Wa pili, lifti iliharibika. Lakini hesabu yake haikuharibika: jicho la kulia sasa lilikuwa lake.

Utukufu usio na shahidi hauna ladha, kwa hiyo alimchukua jirani yake wa ghorofani, Bwana Khadka, pamoja na kamera yake. Ndani ya teksi alimweleza kwamba mcheza kwao hutunzwa. Walipofika, kila Bwana Khadka alipouliza hekalu hili ni la nani, alijibiwa kwamba ni la zamani sana. Wakakipita kisima kilekile mara tatu. Mwishowe mwanamke aliyekuwa akianika pilipili aliwaonyesha njia ya kwa akina Suwal, akawauliza kama tiketi za watalii wamekata.

Ukoo ulikuwa umeshaketi kwenye mikeka, mstari mmoja mrefu uliokunja kona ya chumba. Bwana Khadka akapewa kigoda karibu na mlango. Hera Kaji alikwenda moja kwa moja hadi kichwani mwa mstari, akakaa, akanyoosha koti. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa umri ni umri. Alitazama mwisho wa mstari, kwenye nafasi yake ya zamani ya taya, na aliona raha tupu. Sisemi uongo, hata kidevu chake kilikuwa kimepanda.

Aliyepakua ni Ganesh Maya, mjane wa Tulsi Bhakta. Alilileta jicho kwenye sahani ya majani, akaliweka mbele yake kwa adabu zote.

"Kula, shemeji," alisema. "Mwaka jana alilila marehemu. Mwaka juzi alilila Bekha Ram."

Hera Kaji alikuwa ameshalitia mdomoni. Kamera ikalia. Wa pili kwenye mstari, mzee Laksman, alilila jicho lake la kushoto polepole kabisa, kama mtu asiye na haraka ya kupandishwa cheo.

Kisha Sanu Kaji, kijana anayepanga wabebaji wa maiti za ukoo, akapiga magoti mbele yake. Akaomba radhi kwa kuuliza siku ya furaha. Akasema vijana wana kazi zao, kila mmoja inabidi ajue mapema.

"Baba mkubwa, siku yako ikifika, tuje kukubeba sisi, au watakubeba wa kwenu kule?"

Hera Kaji akamgeukia Bwana Khadka, na wote wakageuka naye. Bwana Khadka, mtu mwema, akajibu kwamba kule hakuna usumbufu.

"Tunapiga simu, gari linakuja," alisema. "Ila kwenye lifti hulali. Itabidi tukusimamishe."

Vijana waliinamia sahani zao, mabega yakitikisika. Ganesh Maya peke yake hakucheka.

"Bekha Ram alibebwa na watu kumi na sita," alisema. "Mume wangu pia. Mmoja wa wabebaji alikuwa na mguu mbovu kuliko wako."

Jicho lilikuwa bado shavuni, na sasa halikutaka kushuka. Aliogopa, na uoga ulimkaa usoni waziwazi. Alilimeza kwa msaada wa pombe, mara mbili.

Tangu siku ile hapajatoka maiti mtaani kwetu bila Hera Kaji. Anakuja na basi la kwanza kuwasindikiza watu asiowajua, anamsukuma kijana pembeni, anaingiza bega chini ya machela ya mianzi. Ni mfupi, kwa hiyo marehemu huinamia upande wake, na mwendo mzima unachelewa. Sanu Kaji alimlalamikia Ganesh Maya kwamba mzee atamwangusha mtu mtoni.

"Mwacheni," alijibu. "Amegundua kwamba hawezi kujibeba."