Mshahara Mmoja, Mikoa Miwili

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani alikuwa Mama Pasi, na ungemuulizia kwa jina jingine ungezunguka mpaka viatu vikuchoke. Chumba chake cha mbele kilitazama barabara. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi ya umeme, pasi ya mkaa ya siku umeme unapokatika, na kamba tatu zilizotoka ukuta huu hadi ule. Mashati ya watu yalining'inia kwenye kamba hizo kama kikao cha mabwana wasio na vichwa, wametulia tuli wanamsubiri mwenyekiti.

Kazi hiyo aliianza mwaka aliofiwa na mume, binti yao akiwa na miaka minne. Sasa binti alikuwa na kumi na tisa. Miaka kumi na mitano ya kola, mabega, mikono, kifua, mgongo. Kwa mpangilio huo huo, kola kwanza, maana shati lililonyooka mwili mzima huku kola ina makunyanzi, alisema, ni kama mtu aliyeoga akasahau uso. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeupita wa kushoto kwa unene. Alipochoka hakukaa, aliegemea meza, akavuta pumzi, akanyunyiza maji kwenye kitambaa, na mvuke ukapanda tena.

Chumba cha pili walilala yeye na binti. Cha tatu alimpangisha mlinzi wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu mrefu mwembamba wa miaka hamsini na minane, aliyetoka mkoa wa mbali wenye ardhi kavu, ambako mke wake alilima. Kwa kuwa hakuonekana bila tochi yake hata jua likiwa utosini, mtaa ulimwita Tochi na yeye akakubali. Alikuja kama mpangaji wa kawaida. Mwezi wa pili homa ikamlaza, Mama Pasi akampelekea uji, na alipopona hakuna aliyekumbuka kumrudisha chumbani na sahani yake. Miaka sita sasa alikula mezani nao. Kila asubuhi saa moja alirudi kutoka lindoni, akaegemeza rungu nyuma ya mlango, akasema, "Mmeamkaje humu," na chai ikamiminwa vikombe vitatu.

Basi siku moja alikuja karani wa takwimu, dada mdogo mwenye kishikwambi mkononi na vumbi mpaka magotini. Mama Pasi hakutaka mgeni aikute nyumba imekaa ovyo. Alitandika kitambaa cha meza alichokuwa amekitia wanga mpaka kingeweza kusimama chenyewe, akamwandalia chai ya maziwa, maziwa yaliyokuwa ya kutumia siku mbili. Karani akauliza kaya ina watu wangapi. Mama Pasi akauliza kaya ndiyo nini. Akaelezwa kuwa ni wanaolala nyumba moja na kula chungu kimoja. Akajibu kwamba wako watatu, wala hakuona haja ya kufikiri. Kila mmoja anaingiza kiasi gani? Akajibu hilo nalo: laki tatu na nusu za pasi pamoja na pango, na laki tatu na nusu za mlinzi. Pesa inayotoka hakuulizwa. Karani akayatazama mashati, akakitazama kitambaa cha meza, akaandika, akashukuru kwa chai.

Binti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Ada yake ilikuwa mlima, na njia ya kuupanda ilikuwa moja tu, ufadhili wa masomo unaotolewa kwa kaya zenye kipato cha chini. Barua ya majibu ilifika Jumatatu asubuhi, wakiwa mezani. Binti aliisoma kwa sauti, na sauti ikapungua kila mstari. Kaya yenu imeonekana kuwa ya daraja la kati kwa mapato, hivyo haistahili. Rufaa zipokelewe kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri.

Mama Pasi alimwomba arudie. Kisha akainua macho darini, pale bati lilipotoboka, akayashusha polepole mpaka kwenye ndoo iliyokaa chini yake.

"Daraja la kati," alisema. "Kati ya nini na nini?"

Tochi hakucheka. Aliweka kikombe chini na kukizungusha kwa kishikio, na ndipo alipotoa neno lililokuwa limemkaa kooni wiki mbili. Mke wake naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo. Huko kwao waliondolewa wenye mapato ya kati kwenye orodha ya mbegu na mbolea za ruzuku. Mke alipoulizwa mumewe analipwa kiasi gani mjini, alitaja mshahara mzima, laki tatu na nusu, tena kwa kifua mbele. Na huko laki tatu zinatosha kukutoa kwenye umaskini.

"Nimezitajirisha nyumba mbili, dada," alisema, "na mimi mwenyewe soli ya kiatu nimeifunga kwa waya."

Kicheko kilimtoka Mama Pasi bila yeye kukiita, kisha kikakatika, maana alikuwa amekwisha kuona. Kila mwezi Tochi alituma laki mbili nyumbani kwake. Zile mbili zilikuwa zimehesabiwa hapa, ambako hazikulala hata usiku mmoja. Ile moja na nusu iliyobaki hapa ilikuwa imehesabiwa kule, ambako haikufika kamwe. Mtu mmoja, mshahara mmoja, na kila mkoa umemmeza mzima.

Kesho yake alifunga chumba cha mbele, jambo lililowafanya majirani waulize kama kuna msiba, akaenda ofisi ya ufadhili. Afisa wa rufaa alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya taratibu na shati lililonyooka. Nyuma yake ukutani kulikuwa na bango lenye mstari wa daraja la kati kwa kaya, kila mkoa na wake. Mikoa kame, laki tatu kwa mwezi. Mikoa ya bondeni, laki tano. Jiji hili, laki tisa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wastani wa nchi: laki sita.

Mama Pasi alilisoma bango mara mbili. Wao walikuwa wameandikiwa saba, na saba haijafika tisa kokote alikosoma yeye. Akauliza. Afisa akamweleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza mara mia, kwamba bango ni la kuelimisha umma. Ofisi yenyewe hutumia wastani wa nchi.

"Huyo wastani wa nchi anaishi mtaa gani, mwanangu? Niambie nimpeleke kwa mwenye duka letu wakaelewane."

Benchi zima la wanaosubiri likacheka, na afisa mwenyewe akauma mdomo. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi moja, akashusha sauti. Huyu mlinzi si ndugu yako, alisema. Saini tamko hili kwamba si mtu wa kaya yako, mapato yake yatoke, ubaki na laki tatu na nusu zako. Binti anasoma, mambo yamekwisha.

Mama Pasi aliishika karatasi kwa ncha za vidole, kama anavyoshika nguo ambayo hajui imelowa nini. Akauliza, akimtoa kwake, mlinzi anaandikwa wapi. Kwa mkewe, alijibiwa. Na mshahara wake? Nao huko huko. Wote? Wote, mama, mshahara unamfuata mtu. Akashukuru, akaikunja karatasi bila kuisaini, akaondoka nayo.

Nyumbani siku ya Jumatano palikuwa pazito. Binti alimwomba asaini. Tochi alimwomba zaidi ya binti. Alisema hata kukasirika hatakasirika, mbegu watanunua.

"Mtanunua kwa pesa gani? Unayotuma, au hiyo ya kiatu ulichokifunga kwa waya?"

Hapo binti alisema lile alilokuwa akilizuia. Kwamba haya ni maisha yake yeye. Kwamba miaka mitatu alisoma chini ya kamba za mashati ya watu, akiinama kila akigeuza ukurasa. Kwamba huyo mke wa mjomba Tochi mama yake hajapata hata kumwona uso. Yote yalikuwa kweli, na Mama Pasi hakubisha hata moja. Aliendelea na mkono wa shati uliokuwa mbele yake mpaka akaumaliza.

"Uso sijauona," alisema. "Lakini gunia la maharage linalokuja kila mavuno linatoka shamba la nani? Miaka sita tunakula jasho lake kwenye chungu hiki. Karani aliniuliza nani anakula hapa, nikamwambia kweli, ila nilimwambia nusu. Nusu hiyo ndiyo imetufikisha hapa. Sasa wanataka niwape uongo mzima. Siwapi."

Binti alitoka nje akaubamiza mlango. Mama Pasi alibaki na pasi yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi aliunguza kitu: ukingo wa leso ya mteja, alama ya kahawia ndogo kama kucha. Aliijua ada ya chuo kwa moyo. Alijua pia kwamba kama Ijumaa ingemwendea vibaya, binti yake angesimama mbele ya meza hii, akianza na kola, na mkono wake wa kulia ungenenepa.

Jioni binti alirudi. Hakusema samahani, na hakuna aliyemdai. Alimwomba Tochi simu yake, akaketi mwisho wa meza na daftari, akaanza kunakili jumbe za kutuma pesa, mwezi baada ya mwezi, tarehe na kiasi, kwa mwandiko wake ulionyooka. Zilikuwa kumi na mbili. Mwezi wa saba palikuwa na laki moja na nusu tu, na Tochi akaeleza kwa haya kwamba mwezi ule ndio alinunua koti la mvua.

Ijumaa saa nane Mama Pasi aliingia ofisini na karatasi ya tamko isiyo na saini, ukurasa wa daftari, na simu ya Tochi. Afisa aliitazama saa ya ukutani, akamtazama yeye.

"Mama, hukusaini."

"Sikusaini. Anakula kwangu, na nikisema hali kwangu, kesho nitamtazamaje akiomba chumvi?"

Afisa alifungua jalada, akamwonyesha jambo ambalo Jumanne hakulisoma, kwamba hata bila mlinzi kaya yake ilionekana kujimudu. Karani aliandika kitambaa kizuri cha meza. Aliandika mavazi mengi, ya kisasa, zaidi ya arobaini.

Mama Pasi aliinama mbele kidogo.

"Mwanangu, lako limo. La mistari ya samawati, kifungo cha tatu si cha asili, na kola imeanza kuchoka upande wa kushoto, maana simu unaibana kwa bega hilo. Huletwa Jumatatu, huchukuliwa Jumatano. Ukinihesabia utajiri, lako litoe kwanza."

Mkono wa afisa ulikwenda kwenye kola wenyewe. Kwenye benchi mtu alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Afisa alilitazama lile jalada kama analiona leo, kisha akasema, na safari hii bila ule upole wa kuzoea, kwamba anaamini kila neno, lakini fomu ina mahali pa pesa inayoingia, haina mahali pa inayotoka. Angeiandika wapi?

"Geuza," alisema Mama Pasi. "Nyuma ni nyeupe."

Afisa aliigeuza. Ilikuwa nyeupe kweli. Mama Pasi hakumpa nafasi ya kuwaza; alianza kumsomea na yeye akaanza kuandika. Kwamba mlinzi huyu anakula kwangu, na mshahara wake unakula kwao. Kwamba laki mbili huvuka kila mwezi, tarehe hizi hapa, na hapa hubaki laki moja na nusu. Kwamba ukizitoa zinazovuka, nyumba hii ina laki tano, na tano iko chini hata ya huyo wastani wa nchi asiye na mtaa. Kwamba kule kwa mkewe zinaingia mbili, si tatu na nusu, na kule mstari ni tatu. Ofisi ipeleke nakala kule. Afisa alisema nakala ya mkoa mwingine si kazi ya dirisha lake.

"Kumhesabu kule na hapa kulikuwa kazi ya dirisha la nani?"

Akaandika na hilo. Akagonga muhuri saa nane na dakika hamsini, Mama Pasi akaomba apewe nakala yake, akakaa mpaka akapewa.

Majibu yalichukua wiki tatu. Binti alikubaliwa, ada yote. Barua ilisema kaya imepangwa upya katika daraja la chini, na Mama Pasi, aliyeupigania mstari huo kwa meno, aliposoma neno "chini" aliona damu inamchemka vile vile. Aliiweka barua mezani, akaipitishia pasi mpaka mikunjo ikaisha, akaitundika kwenye kamba katikati ya mashati. Kuhusu mbegu, jibu lilikuwa kwamba suala linashughulikiwa, na msimu wa kupanda haukulisubiri. Kwa hiyo kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi alifunga chumba saa nane akaenda kuliulizia. Afisa alipomwona mlangoni alianza kulitafuta jalada kabla hajasalimiwa.

Binti alipoondoka kwenda chuo, sare zake nyeupe zilikuwa zimenyooka kiasi kwamba Tochi aliyebeba sanduku alilibeba likiwa limelala, kwa mikono miwili, mpaka kituoni.

Jumatano iliyofuata afisa alipita mwenyewe kuchukua shati lake la mistari. Alikuta bei imepanda. Aliuliza, si kwa ugomvi, kwa nini kazini kwake wote wanatozwa zaidi ya anavyotoza dobi wa kule anakotoka.

Mama Pasi alilitoa shati kwenye kamba, akamlainishia kola kwa kiganja, upande wa kushoto.

"Hiyo ya kwenu ni ya kwenu, mwanangu. Hii ni bei ya mkoa huu."