Nilimwonea wivu mwandishi mwenzangu Dodoma, nikamponza

Wakuu, heshima kwenu. Hili hata mke wangu hajui, na sitaongeza chumvi.

Ni miaka ile magazeti binafsi yameanza kuchipua. Mimi na dada mmoja wa Kondoa, nimwite Hadija, tulikuwa waandishi wa gazeti moja pale Dodoma. Ofisi chumba kimoja, meza mbili, mashine ya faksi moja.

Mimi nilikuwa na diploma. Yeye alijifunzia kazini.

Lakini stori zake zilitoka ukurasa wa mbele. Zangu zilibanwa chini ya matangazo ya mnada. Iliniuma, wakuu. Hata wahudumu wa Bunge walimsalimia yeye kwanza.

Masika moja maji yakakata reli kule Gulwe, abiria wakakwama. Hadija akaenda. Siku ya pili akampa dereva wa lori karatasi zake aniletee, nizitume Dar kwa faksi kabla ya deadline.

Nikazisoma. Kulikuwa na mama aliyejifungulia ndani ya behewa, akasaidiwa na wanawake wauza uji wa pale stesheni. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilikasirika.

Nikazitia kwenye droo.

Mhariri wetu akapiga simu kutoka Dar: "Ya Gulwe iko wapi?"

Nikamjibu, "Hajaleta kitu, mzee."

Keshokutwa yake gazeti pinzani likatoka na habari ya reli. Hadija aliporudi, matope hadi magotini, akaambiwa kwa simu kazi imekwisha. Alieleza kuwa aliituma. Mimi nikasema labda dereva kaipoteza.

Nilidhani nitapumua. Wapi.

Akapata kazi ya kufundisha Kiswahili sekondari moja ya Ipagala. Wanafunzi wakampenda, nikachukia. Akaanzisha kikundi cha maigizo, wakawa wanafanya mazoezi Ihumwa, anaandika michezo yeye mwenyewe. Redio ikaanza kumwita. Kila hatua yake niliijua, kama vile nimeajiriwa kumfuatilia.

Na kwenye ukurasa wa mbele? Sikuwahi kukaa nafasi yake. Aliletwa kijana kutoka Dar.

Miaka ikapita. Siku moja mhariri akanituma nikaandike habari ya onyesho la kikundi chake. Ukumbi ulijaa, watu wamesimama hadi mlangoni. Lilipoisha nikamkuta nyuma ya jukwaa anakunja kanga za waigizaji.

Nikamwambia, "Hadija, karatasi za Gulwe zilinifikia. Mimi ndiye sikuzituma."

Hakuacha kukunja.

"Baba yangu amefariki akiamini nilifukuzwa kwa uvivu," akasema. "Ungekuja mapema ungemwambia yeye."

Nikasema nisamehe. Akanitazama, akauliza, "Umekuja kuandika onyesho?"

"Ndiyo."

"Basi andika ulichokiona. Safari hii kitume."

Nilikituma chote, bila kupunguza neno. Hatujazungumza tena.

Nilichojifunza: wivu haukunipandisha hata ngazi moja, na kuna watu huwezi tena kuwaomba radhi kwa sababu hawapo. Na niwe mkweli, hadi leo nikisikia sauti yake redioni kuna kitu kinanichoma, ila sasa nakaa nasikiliza mpaka mwisho.

Wakuu, kama umewahi kumfanyia hivi mwenzako kazini, au ulifanyiwa, shusha hapa. Na wa kunisema aniseme, nimestahili.