Jicho la Bino

Vendelín Škrabák hakuwahi kuwa nyota, mtu asikudanganye. Miaka yote aliyocheza hoki ya barafu pale Jasenec, mji wetu wa kiwanda cha chuma, alikuwa beki. Tena beki wa kukaa nyuma, wa kujilaza chini ili kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kimpige yeye kuliko kimpite kipa. Mabao yake yalikuwa machache, na mashabiki waliomwita Vendo walilikumbuka jina hilo siku alipokosea tu. Ndiyo kazi ya beki, usitegemee maua.

Meno ya mbele aliyaacha kwenye barafu ya watu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukichomwa sindano ya ganzi kabla ya mechi, kisha anaufunga kiatu na kuingia uwanjani. Mkewe, Otília, alichoka kumuuliza kama anaumwa, kwa sababu jibu lilikuwa hapana, na la kutisha ni kwamba hakuwa anadanganya. Mama yake alipofariki, Vendo alizika asubuhi akacheza jioni. Mji mzima ukamsifu, eti huyo ndiye mwanaume! Otília hakumsifu.

"We mtu umekufa ganzi mpaka rohoni," alimwambia, akamwekea supu ya kabichi mezani. Vendo akainywa yote, akashukuru, akaenda kulala.

Aliyeweza kumchekesha alikuwa mmoja tu, Albín Gajdoš, yaani Bino, beki mwenzake. Mabeki wa hoki huingia wawili wawili, na hawa walikaa pamoja miaka kumi na moja, Bino kushoto, Vendo kulia. Walilala chumba kimoja kila safari, wakajuana mpaka harufu ya soksi. Msimu wao wa tatu, kisahani kilimpiga Bino usoni mazoezini. Uvimbe uliisha, ila jicho la kulia halikurudi. Likabaki zima kwa kulitazama, lakini halioni kitu.

Angesema, unga ungemwagika siku hiyohiyo. Basi hakusema, akamwambia Vendo peke yake. Kila kiangazi walipopimwa macho, Vendo alijipenyeza mbele kwenye foleni, akaikariri mistari ya herufi ukutani, akatoka na kumnong'oneza Bino mlangoni. Daktari hakuwahi kubadilisha lile bango, mvivu yule, Mungu ambariki. Na uwanjani Vendo akawa ndiye jicho. Bino alipoifuata pasi nyuma ya goli, Vendo alipiga kelele: "Mtu kulia!" Bino anasogea bila kugeuza kichwa, na adui anaukumbatia ukuta wa mbao. Watu wakasema Bino ana macho kisogoni. Walicheka hao wawili kwenye basi mpaka dereva akawaambia wanyamaze.

Halafu Bino akahamia Borovín, kwao mkewe, timu ya huko ilipomwahidi malipo mazuri. Waliagana kwa bilauri mbili za pombe kali ya mreteni.

"Sasa nani atanipigia kelele?" Bino aliuliza.

"Nunua kioo cha gari, ujifunge begani."

"Mjinga wewe." Wakakumbatiana, basi, kila mtu na njia yake.

Msimu uliofuata Jasenec tulicheza ovyo, aibu tupu, na mwisho wa msimu zikabaki timu mbili za mkiani kupigana mfululizo wa mechi, atakayeshindwa ashuke daraja. Sisi na Borovín. Mechi ya kwanza Bino alituzima kabisa, hakupita mtu. Kesho yake kocha wetu, mzee Krajčír, akamwita Vendo ofisini.

"Kaa. Huyo Bino wako, ana udhaifu gani?"

"Hana."

"Usinifanye mtoto, Vendo. Umelala naye chumba kimoja, unajua mpaka anavyokoroma."

Kocha akafunga mlango.

"Tukishuka daraja, kiwanda kinaondoa mkono. Hakuna timu. Tukibaki, mkataba wako wa mwakani nausaini mimi mwenyewe. Una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Unajua kazi gani nyingine?"

Vendo aliitafuta kweli kichwani, hakuipata.

"Jicho la kulia," alisema. "Haoni."

Alisema kama mtu anayetaja saa. Alisubiri haya imshike, haikumshika. Akauliza kama anaweza kwenda mazoezini, kocha akasema nenda, mzee, nenda.

Kuanzia hapo walimjia Bino upande wa kulia tu. Hološ, mshambuliaji wetu, jitu la kilo mia, alimpigiza ukutani mara ngapi sijui. Bino aliinuka akigeuka huku na huku, akitafuta kilichomgonga. Vendo alikuwa benchi anakunywa maji. Alitazama, akafuta mdomo, zamu yake ilipofika akaingia. Nyumbani Otília alimuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu.

Mfululizo ukafika mechi ya mwisho, nyumbani kwetu, mabao sawa, dakika zimeisha isipokuwa chache. Mji mzima ulikuwa uwanjani, hata mapadri. Kisahani kikatupwa nyuma ya goli la Borovín, Bino akakifuata akiwa amewapa watu mgongo. Kulia kwake anakuja Hološ, mwendo wote, bega limeinama. Pigo lile lingemvunja shingo mtu. Vendo alikuwa amesogea mbele na wenzake, anaona kila kitu.

"Mtu kulia!"

Kelele ilimtoka kabla hajajua imemtoka. Bino akasogea kushoto bila kugeuza kichwa. Hološ akapiga mbao, akaanguka kama gunia. Bino akatoa pasi ndefu katikati ya barafu, ikampita Vendo aliyesimama pale mdomo wazi, na nyuma yake hakukuwa na mtu ila kipa. Mshambuliaji wa Borovín akaipokea. Bao.

Tukashuka daraja. Jamani, kelele zilizokuwa mle ndani! "Škrabák kauza mechi! Muuzaji!" Mtu akamrushia soseji. Krajčír alimtazama mara moja tu, akasema, "Mkataba nini sasa, hata timu huna," akaenda zake.

Lakini mfululizo ukiisha, timu hupanga mistari na kupeana mikono, umefungwa au umefunga. Vendo akavua glavu, akajipanga. Alipofika kwa Bino, yule bwana alikuwa na mshono mpya juu ya nyusi na uso umevimba, lakini anacheka. Akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu.

"Nimekusikia, ndugu yangu! Umeniokoa shingo. Jamani, nimekusikia!"

Bino akamshika kichwa, wakagusana paji la uso, akateremsha sauti.

"Siku zote hizi nimekuwa nikijiuliza nani kawaambia. Mke wangu akasema ni Vendo, nani mwingine anajua? Nikamfokea, Vendo. Nikamwambia usinirudie tena neno hilo ndani ya nyumba yangu."

Nyuma yao watu walikuwa wanasukuma, mstari umesimama.

"Mkeo kasema kweli," Vendo alisema.

Bino alimtazama, kwanza bado anacheka, halafu hacheki. Akaiondoa mikono yake kichwani kwa Vendo taratibu.

"Bora usingeniambia," alisema. "Ningeishi hivyohivyo, nikikuamini."

Akasogea hatua moja, akampa mkono kipa wetu aliyefuata kwenye mstari, akamwambia pole.