Tairi Mbili za Baridi

Mama yangu husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki. Akikosa siku moja, miguu huvimba na pumzi humbana. Mjomba ndiye anayempeleka kwa gari lake, na mimi hukaa na mama kiti cha nyuma.

Theluji ya kwanza ilipoanguka hapa ugenini, mjomba alipewa na jirani tairi mbili za baridi, zile zenye meno ya kushika theluji. Gari lina magurudumu manne. Alizifunga mbele, nyuma akaacha zile za kiangazi.

"Gari hili linavutwa na mbele," aliniambia huku nikimsaidia kukaza nati. "Nimeendesha lori kwenye matope ya masika Tanzania nzima. Tairi yenye meno unaiweka kwenye gurudumu linalovuta. Umesikia, bwana mdogo?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Lakini mimi hupanga tairi kwenye ghala moja hapa mjini Brampton, na msimamizi wetu, Mkongo, alishatueleza: usichanganye. Mbele ikishika na nyuma isiposhika, ukikata kona au ukikanyaga breki, nyuma inateleza na kutaka kutangulia. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Yakabaki humo humo. Mimi niliishia darasa la saba, na mbele ya wakubwa ulimi wangu huwa mzito. Nitamfundisha nini mtu aliyeendesha lori kabla sijazaliwa?

Kesho yake asubuhi tuliondoka kumpeleka mama hospitali. Gari lilipanda kilima vizuri, halikuteleza hata kidogo.

"Unaona?" mjomba alicheka. "Dada, mwambie mwanao aache kununa!"

Kisha tukafika kwenye mteremko wenye kona. Mjomba aligusa breki. Mbele ilishika. Nyuma yetu ikaenda upande, polepole kwanza, halafu kwa nguvu, hadi nikaona barabara tuliyotoka kwenye kioo cha mbele. Mama alinishika mkono. Tulisimama ndani ya lundo la theluji kando ya barabara.

Hakuna aliyeumia. Mjomba alikuwa bado ameshika usukani.

"Sijui imekuwaje," alisema.

"Mimi najua," nikasema. Nikamweleza yote, nikikwama kila neno.

Alinigeukia. "Ulijua jana?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na ukamwacha mama yako apande?"

Nilimfungua mama mkanda.

Mjomba alipiga gari moto. "Nitakwenda taratibu."

"Hapana," nikasema. "Mama hapandi tena."

Nilimfunga mama shali, nikambebea begi, tukaanza kutembea kuelekea kituo cha basi. Kila hatua chache alisimama kutafuta pumzi. Saa yake ya kuingia hospitali ilikuwa imepita. Tulipofika kituoni barabara ilikuwa nyeupe pande zote mbili, na basi halikuonekana.

"Ungesema, mwanangu," mama alisema.

Nikamkumbatia kumkinga na upepo.