Kamba ya Mtoni, Waya wa Machimboni

Juzi nimepita kule mtoni, nyuma ya Temeke. Watu wanakatiza darajani mikono mifukoni. Nikasimama pale kama gogo, rafiki yangu. Sikusikia uchungu wala nini.

Kabla ya daraja palikuwa na pantoni ya mbao, na baba ndiye aliyekuwa akiiendesha. Kamba nene ya katani ilifungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile. Ukipanda, unavuta: mwalimu, muuza samaki, hata bwana harusi na kanzu yake. Ikikwama, baba anapiga kelele, "Mikono!" na kila mtu anaidaka. Mie msichana mdogo, viganja vyangu vilinuka katani mpaka kwenye ugali.

Jirani yetu alikuwa kibarua kwenye machimbo ya mawe, njia ya Bagamoyo. Huko matoroli yalipandishwa mlimani kwa waya wa chuma, winchi, ile mashine yenye gurudumu la kuukunja waya, inanguruma kule juu. Jioni anakuja barazani kututambia.

"Nyie bado mnavutana na kamba kama mnapeleka mbuzi mnadani! Sie waya unakwenda wenyewe, mtu umekaa unavuta sigara."

"Kamba ukichoka unaiachia, mto unakungoja," nikamrukia. "Huo waya wako unamjua nani?"

Bibi akanifinya. "We mtoto, mdomo huo utakuponza!" Na uniponze. Baba yangu hasemwi.

Daraja likajengwa, pantoni ikapasuliwa kuni. Jirani akamwombea baba kazi machimboni. Siku ya tatu toroli likakwama katikati ya mlima. Vibarua wote wakaruka pembeni, ndivyo walivyofundishwa. Baba akapiga kelele, "Mikono!" akaudaka waya. Mara winchi ikavuta, ikaupeleka mkono wake mpaka kwenye gurudumu.

Alirudi kutoka hospitali na mkono mmoja, wa kushoto. Nilitoka mbio nikampige jirani, nikamkuta amechuchumaa mlangoni kwetu, analia. Hasira ikakosa pa kwenda, na tangu hapo sijui ilikwenda wapi. Nikaingia ndani, nikawa namlisha baba tonge kwa tonge, kama namlisha mgonjwa wa nyumba nyingine.

Akatafuna, akameza. "Hivi," akaniuliza, "mbona wote walikimbia?"

Nikammegea tonge lingine.

Siku hizi kila kitu kinakwenda chenyewe, na kikikwama, watu wanakaa mbali. Wana akili. Baba kafa hajajibiwa.