Enos Acheza Chesi Akitazama Ukuta

Hakuna atakayeamini haya, na simlaumu mtu. Hata mke wangu Nabututu, ambaye ameniamini mambo makubwa zaidi, pamoja na yule kamongo niliyemvua mwenye uzito wa ndama, akisikia habari ya Enos hutikisa kichwa na kuendelea kuchambua mboga. Lakini mimi nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya nguzo, na kwa nini nguzo, mtajua.

Enos Wakoli ni mtoto wa dada yangu. Mwaka wa 1971 alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mrefu, mwembamba kama spoku, na alikuwa akilala kwangu Nyalenda, Kisumu, upande wa pili wa pazia. Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli, na wanaojua watawaambia fundi wa namba gani. Nilikuwa msomi pia: darasa la nne nililirudia mara mbili ili linikae vizuri. Enos alikuwa tarishi katika kampuni moja ya pamba. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa baiskeli, baiskeli ambayo bila mkono wangu ingekuwa chuma cha kuuza kwa kilo.

Saa ya chakula makarani wa pale walicheza chesi, na Enos, akingoja barua, alitazama. Mfalme wao mmoja alikuwa amepotea, mahali pake wakaweka kifuniko cha soda. Alitazama miaka miwili bila kugusa kitu. Siku moja karani akaitwa kwa meneja katikati ya mchezo, akamwambia Enos amkalie kiti. Aliporudi alikuta kile kifuniko cha soda kimeshanaswa kwenye kona, na karani mwenzake, mwenye kifuniko, anakuna kidevu.

Sasa, Enos alikuwa na msichana, Seline, fundi cherehani pale sokoni, mtu wa Asembo Bay. Wao wawili walishapatana, kilichobaki ni mama. Baba yake Seline alikuwa amefariki, na neno la mwisho lilikuwa la mama huyo, Mwalimu Perez Aoko, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Walisema hata wavuvi wa kule wakimwona hunyoosha sentensi zao. Enos hakuwa amewahi kumwona, wala yeye Enos. Mimi ndiye niliyevaa koti, nikapanda basi, nikaenda kuomba.

Nilimsifu mpwa wangu ipasavyo. Nilisema ni mtu wa ofisi. Mwalimu akauliza ofisi gani. Hapo ulimi wangu, ambao umezoea kuteremka mlima bila breki, ukasema ofisi yake mwenyewe, na simu mbili mezani. Mwalimu akaniangalia, akanimiminia chai, akasema atafikiri, jibu nitapata Jumapili, baada ya wiki mbili. Niliporudi nilimwambia Enos mambo yamekwenda vizuri. Ya simu sikumtajia.

Badala yake nikamfundisha adabu. Kwetu Bungoma kijana hampi mama mkwe mkono wala hamtazami usoni. Hilo halihitaji kitabu. Wajaluo nao wana heshima yao, ila mimi sikuijua yote, na mjomba hawezi kumwambia mpwa kwamba hajui. Nikajazia. Nikamwambia kwa watu wa ziwani, ukitazamana na mama mkwe kabla ng'ombe wa mahari hawajafika, mtoto wa kwanza huzaliwa na makengeza. Ukiwa na neno, liambie ukuta, ukuta utampelekea. Enos alisikiliza kama mtu anayepewa njia ya kwenda mahali.

Siku moja kabla ya ile Jumapili ya jibu, kulikuwa na mashindano ya chesi katika ukumbi mmoja karibu na stesheni. Wachezaji kumi na sita: makarani, walimu, Wahindi wawili wenye maduka, padri mmoja, na tarishi mmoja, wangu. Mwenye mashindano alikuwa Bwana Nicodemus, karani mstaafu, mtu ambaye hata kukohoa alikohoa kwa kanuni. Mimi nilifika saa nane mchana, maana asubuhi nilikuwa na tairi ya mtu. Nikakuta Enos ameshamtoa mwalimu mmoja wa Awasi na mmoja wa wale wenye maduka. Alikuwa akicheka peke yake. Aliniambia kuna mama mmoja wa gauni la kijani anayecheza kama radi, na kwamba asubuhi yeye mwenyewe alimbebea kiti.

Bwana Nicodemus akapanda juu ya benchi, akasoma meza ya kwanza ya nusu fainali. Mwalimu Perez Aoko, Asembo Bay. Enos Wakoli, tarishi, Nyalenda.

Yule mama wa gauni la kijani akainuka. Mimi nikaenda nyuma ya nguzo.

Nilimwona Enos akifanya hesabu usoni. Alimtazama yule mama, akakumbuka hatakiwi kumtazama, akatazama dari, akatazama viatu vyake. Mwalimu akanyoosha mkono wa salamu, kama kanuni ilivyotaka. Enos akaificha mikono yake yote miwili mgongoni, akainama, kisha akakizungusha kiti chake mpaka kikaelekea ukutani, akaketi.

Bwana Nicodemus akasema asiyetoa mkono amejitoa. Enos akauambia ukuta, kwa upole sana, kwamba hawezi kumshika mkono mama huyu, ni heshima. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walidhani ameokoka kwenye dini mpya, wengine walisema huyu kijana ana dharau na wanawake. Padri alikunja uso. Enos mwenyewe masikio yalikuwa yamelegea kama majani ya mgomba saa saba. Aliyekuwa akijua kinachoendelea ni mtu mmoja tu mle ndani, nami sikuwa na haraka ya kueleza.

"Mwacheni," Mwalimu alisema. "Tuanze."

Alikuwa na vipande vyeupe. Akasogeza askari. Enos akajibu kwa mkono wa kushoto, shingo imepinda, jicho moja kwenye ubao na jingine kwenye rangi ya ukuta. Kucheza hivyo, jamani, ni kama kuziba pancha gizani. Mara ya nne mkono wake ulitafuta mnara ukashika farasi, na kanuni ni kwamba ulichogusa ndicho utakachosogeza. Farasi akaenda mahali ambapo hakuwa na shughuli. Mara ya saba alishika askari wa Mwalimu badala ya wake, akauomba ukuta radhi.

Mwalimu hakucheka. Aliinua macho, akaupitia ukumbi taratibu, benchi kwa benchi, kama anayeita majina asubuhi, mpaka akafika kwenye nguzo. Mimi si mnene, ila ile nguzo ilikuwa nyembamba zaidi. Tulitazamana. Kisha akarudi kwenye ubao, akasogeza, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Kijana, zile simu zako mbili huwa zinalia pamoja?"

Enos alisimamisha mkono hewani. "Simu gani, Mwalimu?" akauuliza ukuta.

"Za ofisini kwako."

Nilimwombea mpwa wangu ulimi kama wangu. Aseme moja imeharibika, aseme lolote. Lakini huyu mtoto alizaliwa na dada yangu, si na mimi.

"Sina ofisi," alisema. "Napeleka barua. Simu ni ya meneja, na ni moja."

Nikajua Seline ameshakwenda. Mwalimu akamchukua malkia wake, kipande kikubwa kuliko vyote, akamweka wazi kabisa kwenye njia ya yule farasi aliyepotea. Hata mimi ambaye najua chesi kwa kuipitia tu mlangoni niliona. Watu wakasogea. Enos naye aliona, maana jasho lilimtoka.

Akachanganyikiwa sasa kwelikweli. Amemkataa mama mkono, amemwambia ni tarishi, na sasa amle malkia mbele ya ukumbi mzima? Na asipomla, ataonekana hana akili. Aligeuza kichwa upande wa nguzo. Nikamtikisia kichwa: mwache, mwache. Akaupeleka mkono kwa askari mmoja wa pembeni ambaye hakuwa na faida kwa mtu yeyote.

"Usiguse," Mwalimu alisema. Alikuwa amenishika mimi kwa jicho, ila anaongea na Enos. "Geuza kiti, nyathina, mwanangu. Nakuuliza mimi, si ukuta. Malkia wangu ukiniachia kwa kuwa ni mimi, Seline utamdanganya kwa upole namna hii mpaka lini?"

Enos aliurudisha mkono magotini. Kisha kile kiti kikalia kwenye sakafu, kikageuka. Akamtazama mama mkwe wake usoni, macho kwa macho, na mimi nikayafumba yangu kwa ajili ya mjukuu mwenye makengeza. Nilipoyafumbua malkia alikuwa mkononi mwa Enos.

Mwalimu hakujisalimisha. Alipigana karibu saa nzima kwa minara yake miwili na ubishi, na mara mbili nilidhani atamgeuzia kibao. Enos hakumhurumia tena, na sijui kama angeweza hata angetaka. Mwishowe Mwalimu alimlaza mfalme wake kwa kidole, polepole, akanyoosha tena mkono. Enos akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaacha kunitazama. Akaushika kwa mikono miwili.

"Jibu si la kungoja kesho," Mwalimu akamwambia. "Njoo Asembo na wazee wenu. Yule wa simu abaki na baiskeli zake."

Katika fainali padri alimmaliza Enos kabla chai haijapoa, maana kijana alikuwa bado anajiuliza kama alichosikia ndicho alichosikia. Njiani kurudi Nyalenda aliniuliza mara tano, na mara zote tano nilimwambia nilijua tangu mwanzo itakuwa hivyo.

Na wale wanaosema nilibaki na baiskeli, wasikilize. Desemba ile ng'ombe kumi na wanane tuliowanunua Awasi walipita katikati ya Kisumu, magari yakasimama, polisi akapiga saluti, na mbele kabisa, na koti langu na fimbo ya marehemu baba, nilikuwa mimi. Nikaingia nao boma la Asembo, na Mwalimu Perez mwenyewe akatoka kunipokea, akasema mbele ya wazee wote kwamba bila busara yangu ndoa hii isinge—

"Ng'ombe walikuwa sita, mjomba," anasema Enos, ambaye amekuja kuazima pampu na kumbe muda wote anasoma juu ya bega langu haya ninayoandika, "na polisi tuliyemkuta alitutoza faini."