Ndizi Mbele ya Mizinga

Mumbe amefuga nyuki Sagalla miaka thelathini, na kwake hakuna mgeni anayesogelea mizinga akiwa amekula ndizi kabla hajanawa. Ijumaa, mkufunzi wa ufugaji nyuki, Austin, alifika akimenya ndizi mbivu za Taveta. Mumbe alipomwambia anawe, kwani nyuki hukasirishwa na harufu hiyo, akacheka: "Mama, huo ni ushirikina." Nyuki wakamvamia.

Jumatatu, jicho likiwa bado limevimba, alitufundisha sisi wafugaji ukumbini Voi, bila haya, kwamba nyuki akiuma hutoa kemikali ya aina iitwayo esta, yenye harufu ya ndizi, kuwaita wenzake vitani. Watu wakampigia makofi.

Mumbe akasimama. "Hilo jina nimelisikia leo. Harufu nilikuambia mimi Ijumaa, ukaniita mshirikina."